Gulper: pampu ya mkono ya kunyonya choo pale gari lisipofika

Nyumba ambayo gari la majitaka linaweza kusogea karibu haina sababu ya kutafuta Gulper. Mpira wa gari ukiunganishwa hufika mita 30 na zaidi, na gari la lita 5,000 humaliza shimo la kawaida kabla saa haijaisha. Gulper ni ya nyumba zilizobaki: zile za mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale, Keko, Vingunguti na Buguruni ambako kichochoro kati ya kuta mbili kinapitisha mtu na toroli lake, basi. Kwa nyumba hizo tunaipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba anayeinunua au kuikodi anajua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Malalamiko mengi ya kwamba "haivuti" hutoka kwa watu walioipa kazi isiyo yake.

Kwanza tuseme inakuja kuondoa nini. Kwa miaka mingi nyumba zilizoungwa kwenye mabomba ya majitaka Dar es Salaam zimekadiriwa kuwa karibu asilimia 10 tu. Wengine wote ni shimo au karo. Shimo likijaa na gari halipiti, mwenye nyumba alibaki na njia mbili. Moja ni kutapisha: ukuta wa shimo unatobolewa upande wa mteremko, mvua kubwa ikianza kizibo kinaondolewa, na kinyesi kinakwenda na maji hadi mtaroni, kisha Mto Msimbazi, kisha baharini, kikipita milangoni kwa majirani wote wa chini. Nyingine ni vyura, vijana wanaoshuka wenyewe shimoni na ndoo, mara nyingi usiku, baada ya kumwaga mafuta ya taa ili kupunguza harufu. Tope linazikwa kwenye shimo jipya lililochimbwa palepale uani. Njia zote mbili zinaacha kinyesi ndani ya mtaa uleule ambao watu wanachota maji ya visima vifupi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa nchini ulizuka katika mitaa ya aina hii, wala si jambo la kushangaza.

Gulper yenyewe ilibuniwa na Steven Sugden wa chuo cha afya na tiba za tropiki cha London, mwaka 2007, na Dar es Salaam ni miongoni mwa miji iliyoijaribu mapema, kwa msaada wa shirika la maji la WaterAid na vikundi vya Temeke. Leo inatumika Kampala, Blantyre na miji mingine mingi. Hakuna kampuni moja inayoimiliki. Ni mchoro ambao karakana yoyote ya kuchomelea inaweza kuutengeneza, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, na pia ndipo ubora unapotofautiana sana kati ya pampu na pampu.

Ilivyoundwa

Bomba la PVC la inchi 4 linashuka shimoni. Chini kabisa kuna chujio la nondo fupi zilizochomelewa kwa nafasi, kuzuia chupa na matambara. Juu ya chujio kuna vali ya kwanza, iliyokazwa isisogee: ndimi mbili za nusu duara zilizobanwa katikati, zinazofunguka kwenda juu tu. Vali ya pili ni kama hiyo hiyo, ila imefungwa kwenye fimbo ya chuma inayopanda hadi kwenye mpini wa T. Ukivuta mpini, vali ya fimbo inajifunga na kubeba tope lililo juu yake huku ya chini ikifunguka kuingiza jingine. Ukisukuma, ya chini inajifunga na ya fimbo inafunguka. Juu, tope linatokea kwenye mdomo wa pembeni uliotengenezwa kwa kiungo cha Y.

Hesabu zake ni rahisi, na ni vizuri kuzijua kabla ya kumlaumu mtu. Bomba la inchi 4 likivutwa sentimita 20 hupandisha kama lita moja na nusu. Mivuto 20 kwa dakika ni lita 30, na hicho ndicho kiwango ambacho pampu hii hufikia ikiwa katika hali nzuri na tope ni laini. Tope lililojaa mita mbili za bomba hilo lina uzito wa kilo 16 hivi, ukiacha fimbo. Ndiyo maana mpini unashikwa na watu wawili, na ndiyo maana kuongeza urefu wa bomba si jambo la kuunga kipande kingine tu. Kuna walioifikisha mita 3, hasa kwa matoleo ya chuma, lakini kwa pampu ya PVC tunashauri kazi ya mita moja hadi moja na nusu ya juu. Chini ya hapo tope kwa kawaida limeshikana kwa miaka, na halitapanda hata ukiongeza watu kwenye mpini.

Ulaini au ugumu wa tope ndio unaoamua kila kitu. Likiwa kama uji linapanda vizuri. Likiwa kama ugali, pampu itanyonya kijishimo chini ya bomba, kisha itavuta hewa. Choo cha kuflashi kwa kopo, ambacho watu wanaogea humo humo, huwa na tope laini. Choo kikavu ambacho majivu na mchanga hutupwa ndani ni kigumu. Fundi mwaminifu hutumbukiza mti mrefu kabla ya kutaja bei: ukizama kwa uzito wake wenyewe, kazi ipo, ukisimama juu ya tope, kuna kazi ya kulainisha kwanza.

Kazi iliyofanywa vizuri inavyoonekana

Siku moja kabla, maji humwagwa shimoni na tope hukorogwa kwa nondo ndefu yenye kipande cha bati kilichochomelewa mwishoni. Kwa shimo gumu, ndoo tano hadi kumi za lita 20 zinatosha kuanzia; zaidi ya hapo unalipia kubeba maji yako mwenyewe. Asubuhi hukorogwa tena. Hapa kuna kosa la kuligomea: kumwaga mafuta ya taa. Harufu inapungua kwa muda, lakini mvuke wake juu ya gesi inayowaka ya shimoni ni hatari, na mafuta hayo yanakwenda kuua bakteria wa mtambo au bwawa litakalopokea tope. Vilevile klorini haimwagwi shimoni kabla ya kunyonya. Inatoa gesi inayowasha macho na mapafu, tena ndani ya kibanda kisicho na hewa.

Kisha taka zinavuliwa. Nondo yenye kulabu hutumbukizwa na kuzungushwa, na kinachotoka ni pampasi, pedi, matambara, nywele bandia, chupa, nyembe, na mifuko ya plastiki ambayo Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019 lakini mashimo ya zamani bado yameihifadhi. Hatua hii mara nyingi inachukua muda mrefu kuliko kupampu kwenyewe, na timu inayoiruka ili kuwahi huishia kufungua vali kila baada ya pipa moja. Taka zilizovuliwa hunyunyiziwa chokaa na kufungwa kwenye gunia lake. Hazichanganywi na tope, kwa kuwa huko zinakokwenda zitaziba mambo mengine.

Pampu huingizwa kupitia tundu la choo au tundu la pembeni. Kwenye vyoo vingi vya uswahilini tundu ni dogo, au kuna sinki lenye shingo, kwa hiyo sakafu inabidi itobolewe. Mkataba useme nani anaziba na kwa vifaa gani. Kiraka cha udongo na kokoto kitazama. Zege la moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga na kokoto, lenye vipande vya nondo, liachwe kwa siku saba likimwagiwa maji kabla ya watu kulikanyaga. Bora zaidi, palepale liachwe tundu la kudumu la sentimita 30 kwa 30 lenye mfuniko wa zege wenye vishikio, ili safari ijayo pasivunjwe kitu. Tungependa kila mwenye nyumba anayejenga choo leo aweke tundu hilo tangu mwanzo. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kutoboa.

Angalia pia paa. Mpini unapanda, na bomba lenyewe lina urefu wa mita mbili na zaidi. Choo chenye bati kwenye mita moja na nusu hakiingizi pampu bila kufunua bati moja. Fundi akifika akashangaa, ujue hakuja kukagua.

Wakati wa kupampu, watu wawili wako kwenye mpini, mmoja kwenye pipa. Pipa la bluu la lita 60 lenye mfuniko wa kukaza hujazwa lita 50 na kuachwa nafasi, maana lililojaa hadi mdomoni humwagika njiani. Kasoro kubwa ya Gulper kwa usafi iko hapa, kati ya mdomo wa pampu na pipa: tope linarushwa nje kwa kila mvuto. Tiba yake ni shati la turubai au mpira mpana uliofungwa kwenye mdomo wa pampu kwa kibano, ukashuka hadi ndani ya pipa. Ni kipande cha bei ndogo, lakini pampu nyingi tunazoziona zinauzwa bila hicho. Chini ya pipa litandikwe turubai jingine, na kando iwepo ndoo ya dawa. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, inakupa asilimia 0.5 inayotakiwa kwa kumwagika na kwa vifaa. Kwa klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 150 kwenye ndoo ya lita 20. Dawa hii haifai kunawia mikono, ni kali. Kwa mikono ni maji mengi na sabuni.

Mavazi hayana mjadala: gambuti, glovu ndefu za mpira, ovaroli, miwani na barakoa. Wafanyakazi wapewe chanjo ya pepopunda, homa ya ini B na taifodi, na dawa za minyoo kila miezi sita, kwa sababu mayai ya minyoo ndiyo yanayodumu kuliko vijidudu vingine vyote kwenye tope. Hakuna anayeingia shimoni, hata kwa dakika moja, hata kuokoa kipande cha pampu kilichoanguka. Gesi ya shimo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumtoa huanguka pia. Pampu hii ilibuniwa ili watu wasishuke. Timu inayomshusha mtu wake "amalizie" imetupilia mbali sababu yote ya kuwepo kwake. Sigara na kibatari vikae mbali.

Inapogoma

Dalili tatu zinatosha kujua shida iko wapi. Ukiacha kuvuta na kiwango cha tope mdomoni kikashuka chenyewe, vali ya chini haifungi: kuna uzi wa nywele au kokoto katikati ya ndimi. Mpini ukiwa mwepesi kupita kawaida na hakuna kinachopanda, vali ya fimbo ndiyo imekwama wazi au imefunguka nati. Mpini ukiwa mzito mno kuanzia mvuto wa kwanza, chujio limezibwa na tambara. Kwa zote tatu pampu inapandishwa, inasuuzwa juu ya shimo hilo hilo na kusafishwa kwa kulabu, kamwe si kwa vidole, maana nyembe zimo. Timu nzuri hubeba ndoo mbili za maji kwa kazi hiyo tu.

Bomba la PVC hupasuka, na sehemu yake ya kupasukia inajulikana: chini kidogo ya kiungo cha Y, pale watu wanapoegemea na kulitumia kama mtaimbo wa kukorogea. Sababu ya pili ni kuanikwa juani. PVC iliyokaa nje kwenye jua la Dar kwa mwaka inakuwa kavu kama biskuti. Nunua bomba la presha, si lile jembamba la kijivu la majitaka, lihifadhi kivulini, na mwambie fundi akuwekee vibano viwili vya chuma kuzunguka kiungo. Kampala watengenezaji wengi wamehamia bomba la chuma. Halipasuki, lakini ni zito, na kulipitisha kichochoroni na kuliinua juu ya paa kunahitaji mtu wa ziada.

Fimbo na ndimi za chuma cha kawaida huliwa na kutu haraka. Kinyesi kina chumvi na gesi ya salfa. Chuma kisichoshika kutu kinalipa, angalau kwa bawaba na nati za vali. Ndimi za mpira wa tyubu ya gari zinafunga vizuri kuliko chuma tupu na hubadilishwa kwa dakika chache, ila zinalainika na kukunjamana, kwa hiyo ziwe za akiba daima. Hili ndilo tunaloona linaibeba Gulper kuliko wapinzani wake: kila kinachoharibika kinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi au gereji ya mtaani.

Wapinzani hao walikuwepo. Kati ya 1988 na 1992 shirika la Uholanzi la WASTE lilitengeneza na kujaribu hapa hapa Dar es Salaam mfumo ulioitwa MAPET: pampu ya mkono inayozungusha gurudumu, na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni, lililonyonya kwa mvuto wa hewa. Kwa usafi ulikuwa bora kuliko Gulper, kwa kuwa tope halikuonekana kabisa. Haukudumu baada ya mradi. Ulitegemea kipuri muhimu kutoka nje na taasisi za kuusimamia hazikuwepo. Vacutug, mashine ya kunyonya ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliyoanzia Kibera, Nairobi, mwaka 1995, ina injini na tangi la lita 500, lakini inatembea kilomita 5 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa miguu. Mahali pa kumwaga pakiwa mbali, siku nzima inaishia barabarani.

Pipa linakwenda wapi

Umbali huo huo ndio mtihani wa Gulper pia, na hapa tunaomba msomaji asituruke. Meta moja ya ujazo ya tope ni mapipa 20 ya lita 50. Guta la injini hubeba kilo 500 kwa usalama, yaani mapipa 8 hivi, ukikumbuka kwamba tope ni zito kidogo kuliko maji na pipa lenyewe lina uzito wake. Kwa hiyo kila meta ya ujazo ni safari tatu. Kupampu meta hiyo, kwa lita 30 kwa dakika, ni kama nusu saa ya mikono. Safari tatu za kwenda mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na kurudi, kutoka upande wa pili wa jiji, kwenye foleni, ni siku nzima na mafuta yake. Gharama ya huduma hii basi haiko kwenye pampu hata kidogo. Iko kwenye barabara.

Hapo ndipo huduma nzuri na mbaya zinapotengana. Mteja anaona pampu, anaona gambuti, anaona shimo limeshuka, anaridhika. Haoni kwamba pipa la tatu limemwagwa mtaroni mita 800 mbele kwa sababu guta halilipi kwenda Vingunguti. Tope hilo ni lile lile la kutapisha, limehamishwa mtaa tu, na mwenye nyumba amelipia. Tunachopendekeza ni kwamba malipo yagawanywe: sehemu baada ya kunyonya, iliyobaki baada ya kuoneshwa risiti ya mahali pa kupokelea. Hata serikali ya mtaa inaweza kuliwekea hilo utaratibu, kwa kuwa mwenyekiti na afisa afya ndio wanaoijua kila timu inayoingia.

Dawa ya kudumu ni kusogeza mahali pa kumwaga. Kuna njia mbili. Kituo cha kuhamishia ni tangi la chini ya ardhi mahali ambapo guta linafika na gari kubwa pia linafika. Maguta yanajaza, gari linabeba yote kwa safari moja. Tangi la meta 5 za ujazo linapokea mapipa 100. Linahitaji chujio la nondo mdomoni, bomba refu la hewa, sakafu ya zege yenye mteremko wa kurudisha kinachomwagika, na maji ya kuoshea mapipa. Likikosa maji ya kuoshea litakuwa kero kwa jirani ndani ya wiki moja, na majirani watalifunga, kwa haki kabisa.

Njia ya pili ni mtambo mdogo wa kutibu palepale, wa aina ambayo BORDA, shirika la Bremen, Ujerumani, limejenga Dar es Salaam: tope linaingia kwanza kwenye kuba la biogesi, maji yanapita kwenye vyumba vyenye kuta za kupinda njia, kisha kwenye bustani ya kokoto na mimea, na tope zito linalazwa kwenye vitanda vya mchanga likauke. Hautumii umeme, na hilo ni jambo kubwa kwenye jiji la mgao. Udhaifu wake ni vitanda. Wakati wa masika havikauki bila paa la plastiki angavu, na tope lililokauka bado lina mayai ya minyoo; kwa joto la pwani liwekwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupelekwa shambani. Wanaouza mbolea hiyo mapema zaidi wanauza minyoo.

Kampala imepiga hatua hapa. Mtambo wa majitaka wa Lubigi ulianza kazi 2014 ukiwa na sehemu maalumu ya kupokea tope la vyoo, na wapampuji wa Gulper wa mji huo hupakia mapipa kwenye pikapu badala ya guta. Pikapu inabeba zaidi, inakimbia zaidi, na kwa umbali wa zaidi ya kilomita chache tunaona ndiyo chaguo sahihi hata kwa Dar, guta likibaki kwa kazi ya kutoka kichochoroni hadi barabarani.

Msimu

Wengi huita timu shimo likianza kufurika, na shimo hufurika masika. Ni wakati mbaya kuliko yote. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, kama mabonde ya Jangwani na Msimbazi na sehemu nyingi za pwani, shimo lisilojengewa hujaa maji ya ardhini kwa kasi ile ile unayoyavuta. Unapampu kisima. Vilevile ukuta wa udongo uliokuwa umeegemea tope hubaki bila kizuizi na huporomoka, pengine na kibanda chake. Kwa shimo lisilo na tofali, usivute zaidi ya mita moja kwa mara moja, na fanya hivyo Januari, Februari, au kati ya Julai na Septemba. Choo kilicho bondeni, baada ya kunyonywa, kiinuliwe: sakafu ipande juu ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita na kuta za shimo zijengwe kwa tofali na plasta hadi hapo, vinginevyo mafuriko yanayofuata yatakitapisha bila mtu kugusa kitu.

Kujua lini ni rahisi kukokotoa. Choo cha shimo hukusanya wastani wa lita 40 hadi 60 za tope kwa mtu kwa mwaka, zaidi kama taka zinatupwa humo. Nyumba ya wapangaji 15 kwa lita 50 ni lita 750. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.2 linapungua kiasi cha lita 1,130 ukitoa mita moja. Kwa hiyo nyumba hiyo inaita timu kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na kamati ya wapangaji inaweza kuchanga kidogo kidogo kila mwezi badala ya kukimbizana siku kinyesi kimefika kwenye tundu. Ndoo ya taka yenye mfuniko ndani ya choo, kwa ajili ya pedi na pampasi, inaongeza maisha ya shimo kuliko dawa yoyote ya unga inayouzwa kwa ahadi ya "kula kinyesi". Dawa hizo hatuzipendekezi. Vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu havijaonesha zikipunguza tope.

Kununua au kukodi

Mwenye nyumba mmoja asinunue. Hata nyumba kumi zisinunue, kwa sababu pampu ni robo ya vifaa: kuna mapipa, usafiri, mavazi, na mkataba wa mahali pa kumwaga. Kikundi cha watu wanne hadi watano kinachotaka kufanya hii kama biashara kianze na barua ya kukubaliwa kumwaga kabla ya kwenda kwa fundi chuma. Bila barua hiyo, pampu itakuwa chombo cha kuhamisha tatizo.

Unapokodi, watoa huduma wengi hutaja bei kwa pipa. Uliza pipa lao ni la lita ngapi na linajazwa hadi wapi, kisha gawanya upate bei ya lita. Pipa la lita 100 lililojaa nusu limewachanganya wengi. Linganisha na bei ya gari kwa lita. Gulper itakuwa ghali zaidi kwa lita, karibu daima, na hiyo si dhuluma: ni mikono na safari. Lakini unanunua mapipa 10 ukitaka, wakati gari halianzi safari kwa chini ya mzigo wake, na kwa mpangaji wa Tandale uwezo huo wa kulipia kiasi alichonacho una maana kubwa.

Kwa kikundi kinachonunua, mwambieni fundi awape tangu siku ya kwanza: seti mbili za ndimi za mpira, seti moja ya bawaba na nati, kipande cha bomba cha nusu mita chenye kiungo, shati la mdomo na vibano vyake, kulabu mbili za urefu tofauti na nondo ya kukorogea. Jaribuni pampu kwenye pipa la maji mbele yake kabla ya kulipa: ivute, ijaze bomba, kisha iache imesimama dakika tano. Maji yakishuka zaidi ya kiganja, vali ya chini haijakaa sawa, na ikikataa maji safi, tope haitaliweza.